Ukurasa wa Kumi na Tisa

Leo Bungeni, Ottawa, Waziri Thibeau amesimama,
miwani puani, karatasi mkononi,
anatetea samaki.

Samoni, kwa usahihi: sahani arobaini na mbili,
Regina, mwezi wa pili, hoteli iliyo mkabala na stesheni,
divai nyekundu chupa kumi na moja,
na jibini, ambayo wapinzani wameipigia kelele
kuliko divai.

"Mheshimiwa Spika," asema, "nilikwenda kusikiliza.
Huwezi kuwaita watu wakueleze habari za uhamiaji
ukawakalisha na njaa.
Ile ilikuwa takrima, haikuwa anasa."
Upande wake wapiga meza.
Upande wa pili: "Jibini! Jibini!"

Mimi niko juu, kwenye roshani ya watumishi,
theluji haijakauka mabegani mwa koti.
Ni mimi niliyeandika kumbukumbu za mkutano ule,
kurasa thelathini na moja,
nilizipiga chapa usiku uleule, chumba namba 608,
bomba la joto likigonga ukutani kama mdai,
nikazituma kabla hakujapambazuka.
Risiti zilikuwa nne. Nilizibana nyuma kwa pini.
Risiti ndizo zilizosomwa.

Ukurasa wa tatu ni wenye mashamba:
wanataka mikono, wanaitaka kabla ya mavuno,
hawakusema kama mikono huja na watu.
Ukurasa wa kumi ni profesa na grafu zake.
Ukurasa wa kumi na tisa ni Bwana Gurbaksh Dhaliwal
wa Moose Jaw, fundi wa maghala ya nafaka,
ambaye hakumgusa samaki wake.

Alisimama. Aliomba radhi, sijui ya nini.
Akasema: mke wangu nilimwacha na mimba.
Mtoto sasa anajua kuandika, ameniuliza kwa barua
kama huku jua huchomoza.
Fomu nimejaza mara tatu. Mara ya tatu
walinirudishia, wakasema picha imepitwa na wakati,
mke wangu amezeeka kuliko picha yake.

Niliandika hivyohivyo, sikutia chumvi.
Waziri aliweka uma chini.
Hilo nalo niliandika, kisha nikalifuta,
maana kumbukumbu rasmi hazina mahali pa uma.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu jembe tulimpa siku ya kwanza,
kabla ya maji ya kunywa.
Zile siku mbili ndizo anazotudai,
mwaka wa sita huu.

"Kwa kichwa ilikuwa dola ngapi?" auliza mbunge mmoja,
mnene, mwenye tai ya manjano, anayekula vizuri.
"Themanini na saba," ajibu Waziri bila kupepesa,
"na hakuna aliyeondoka na njaa."

Si kweli kabisa, wala si uongo.
Mhudumu wa zamu ile, Charmaine, binti wa Kikrii,
ambaye watu wake walikuwa wenyeji wa tambarare ile
kabla neno uhamiaji halijawa na ofisi,
aliiona sahani iliyojaa inarudi jikoni.
Aliitoa samoni, akaifunga kwa karatasi ya fedha,
akaongeza vipande viwili vya mkate,
akamkimbilia Bwana Dhaliwal hadi mlangoni
bila koti, nje nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Nilimwona akiupokea mfuko kwa mikono miwili,
akaukumbatia kifuani
kwa ajili ya joto, nadhani, si kwa njaa,
akavuka barabara kulifuata basi lake.

Sikuiandika hiyo. Kalamu nilikuwa nimeshaifunga.

Waziri aketi. Amshukuru Spika.
Kwa sekunde moja ainua macho kwenye roshani,
kama anayetafuta mtu, au saa.
Swali linalofuata ni la reli.